Mipaka ya kata, mitaa na vitongoji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu data huria za ramani

Maswali haya yamenifikia kwa simu, kwa ujumbe na ana kwa ana, kutoka kwa maafisa afya, wanafunzi, waandishi wa habari na wenyeviti wa mitaa. Mifano mingi ni ya Tanzania, hasa Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko nilikotembea mwenyewe na karatasi mkononi. Kenya na majirani wengine nao wamo, kwa kuwa anayefanya kazi kuvuka mpaka huteleza mahali palepale.

Mikoa na wilaya zipo kwenye kila ramani. Kwa nini tuhangaike na mtaa?

Mgonjwa akifika kituo cha afya, makazi yake huandikwa kwa neno moja: Manzese, Tandale, Kigogo. Kata moja ya mjini ina makumi ya maelfu ya watu. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, jina la kata peke yake lisingeweza kumwonyesha afisa afya ni visima vipi vianze kutiwa klorini. Hali ni hiyo hiyo mafuriko yanapoingia bonde la Msimbazi: mwenye orodha ya kaya zilizoathirika ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Ukiwa na mpaka wa mtaa wake, orodha ile inakaa kwenye ramani siku hiyo hiyo. Usipokuwa nao, mtu anakaa anakisia nyumba moja moja.

Nikisema "kata", kila mtu ananielewa?

Hapana, na hapa ndipo kazi nyingi za pamoja kati ya Nairobi na Dar zinapoharibika kabla hazijaanza.

Tanzania Bara, kata ndiyo ngazi yenye diwani. Ngazi zinashuka hivi: mkoa, wilaya, tarafa, kata. Chini ya kata, mjini kuna mitaa, na vijijini kuna vijiji vinavyogawanyika kuwa vitongoji. Kenya mambo ni tofauti. Eneo la mwakilishi wa kaunti linaitwa wadi, na kata ni lokesheni, yaani eneo la chifu, ambalo chini yake kuna kata ndogo ya naibu wa chifu. Wadi na lokesheni za Kenya ni ngazi mbili zisizotegemeana, na mipaka yake haifuatani. Zanzibar ngazi ya chini ni shehia, inayoongozwa na sheha, huku neno wadi likitumika kwenye uchaguzi.

Kwa hiyo jedwali lolote lenye safu iliyoandikwa "kata" liandikiwe pia nchi na ngazi yake. Usimwachie msomaji akisie.

Na "wilaya" je?

Nayo ina mtego. Wilaya na halmashauri si kitu kimoja. Wilaya ya Kahama, kwa mfano, ina halmashauri tatu: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Takwimu za shule na afya mara nyingi hupangwa kwa halmashauri, na ramani nyingi zimechorwa kwa wilaya. Ukiunganisha viwili hivyo kwa jina tu, Msalala na Ushetu zinabaki hazina pa kukaa, na Kahama inapewa namba ambazo si zake.

Nianzie wapi kutafuta?

Kwa Tanzania, chanzo cha msingi ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Shepufaili (faili za ramani zenye mipaka) za mikoa, wilaya na kata zilizotokana na Sensa ya 2012 ndizo utakazokuta zimenakiliwa kila kona ya intaneti, mara nyingi bila kutajwa zilikotoka. Baada ya hapo fungua Humanitarian Data Exchange, hifadhi ya data ya Umoja wa Mataifa inayoendeshwa na OCHA. Mipaka ya nchi nyingi ipo pale ikiwa imepewa misimbo, na msimbo ni kitu cha thamani, kama nitakavyoeleza chini. geoBoundaries, mradi wa chuo cha William & Mary cha Marekani, hukusanya mipaka ya dunia nzima na kwa kila faili hueleza chanzo, mwaka na leseni. Kwa kazi ya haraka mimi huanzia huko.

Mitaa ya Dar es Salaam itafute OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe. Sehemu kubwa iliingizwa kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ukiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya jaribio la awali la Tandale mwaka 2011. Unaweza kuchota mipaka tu kwa kutumia tovuti ya Overpass Turbo, au ukapakua nchi nzima kutoka tovuti ya Geofabrik.

Kwa Kenya tazama hifadhi ya data ya openAFRICA, pamoja na kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kilichopo Nairobi. Kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mipaka ya maeneo ya afya ambayo mradi wa GRID3 umefanyia kazi na wenyeji mara nyingi humsaidia mtu wa afya kuliko mipaka ya utawala.

GADM, hifadhi ya mipaka ya dunia nzima, ina kila kitu. Kwa nini nisichukue hiyo tu?

Kwa tasnifu yako, ichukue. Lakini masharti yake hayaruhusu kuisambaza upya wala kuitumia kibiashara bila idhini. Ukiichanganya na kazi ya mtaani ya miezi mitatu, huwezi tena kuiachia kazi hiyo iwe huria. Nimeona vikundi viwili vikilazimika kuanza upya kwa sababu hiyo, na iliniuma kwa kuwa wote walikuwa wamefanya kazi nzuri. Soma leseni kabla ya kupakua.

Ramani yangu haina Ubungo wala Kigamboni. Imeharibika?

Haijaharibika, ni ya zamani. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilikuja baadaye. Mkoa wa Songwe nao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ndiyo maana faili la 2012 lina mikoa 30 na leo nchi ina 31. Kata na mitaa hugawanywa mara nyingi zaidi, hasa uchaguzi unapokaribia.

Majirani ni hivyo hivyo. Congo ilitoka mikoa 11 ikawa 26 mwaka 2015. Burundi imekwenda kinyume: kutoka mikoa 18 hadi 5 mwaka 2025. Faili lenye mikoa 18 ya Burundi bado lina kazi, kwa mfano ukitaka kulinganisha na sensa zilizopita, ila liitwe kwa mwaka wake.

Nawasihi wote: mwaka uandikwe kwenye jina la faili lenyewe. "kata_mpya.shp" baada ya miaka miwili ni fumbo. "kata_tz_2012.shp" inajieleza.

Kata zangu zote zimesogea kidogo kutoka mahali pake. Nini kimetokea?

Pima zimesogea kiasi gani. Kama ni kama mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, na zimesogea zote sawasawa, tatizo ni datamu, yaani msingi ambao koordineti hupimwa juu yake. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS ya simu yako hutumia WGS84. Tofauti kati ya mifumo hiyo huku kwetu ni takriban umbali huo. Usizisogeze kwa mkono. Kwenye QGIS, programu huria ya ramani, ipe leya (tabaka la ramani) mfumo wake sahihi wa koordineti, kisha uibadilishe kwenda WGS84, yaani EPSG:4326.

Kama faili liko katika UTM, mfumo wa koordineti unaoigawa dunia kwa kanda, angalia pia kanda. Dar es Salaam, Morogoro na Arusha zimo kanda ya 37 Kusini. Dodoma na Mwanza ni ya 36. Mji wa Kigoma uko magharibi zaidi, katika ya 35. Faili la nchi nzima lililolazimishwa kukaa kanda moja litakupa vipimo vya eneo visivyo sahihi kadiri unavyokwenda mbali na kanda hiyo.

Na kama Dar es Salaam yako imeangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, umebadilishana latitudo na longitudo. Zipindue, itarudi nyumbani.

Faili la aina gani ni bora kushirikisha wengine?

GeoPackage kwa wanaotumia QGIS, GeoJSON kwa wanaotengeneza tovuti. Shepufaili bado inaombwa na ofisi nyingi, kwa hiyo itoe pia, lakini kumbuka si faili moja: .shp, .shx, .dbf na .prj husafiri pamoja ndani ya zip. Anayetuma .shp peke yake kwa WhatsApp hajatuma kitu. Shepufaili pia hukata majina ya safu yanayozidi herufi kumi, na "idadi_ya_kaya" hugeuka "idadi_ya_k".

Majina ya ramani na majina ya jedwali langu hayalingani. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Majina yanaandikwa kwa tahajia tofauti: Mbagala Kuu na Mbagalakuu, Kwa Mtogole na Kwamtogole. Na kata za jina moja ni nyingi. Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, ipo na kwingineko. Ukiunganisha kwa jina, kompyuta itakubali kimyakimya na kukupa jibu la uongo.

Tumia msimbo. Kila kata ya NBS ina namba yake, na mipaka ya OCHA ina misimbo inayoanza na herufi za nchi, TZ kwa Tanzania. Kama jedwali lako halina msimbo, tengeneza lahajedwali ndogo ya kutafsiria: safu moja jina kama lilivyoandikwa daftarini, nyingine jina la ramani, ya tatu wilaya, ya nne msimbo. Itakula siku mbili. Ukimaliza, iweke wazi pamoja na data zako, kwa sababu mtu wa ofisi ya pili anatengeneza lahajedwali ile ile usiku huu.

Mpaka rasmi ni upi?

Ni ule uliotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa tangazo lenye majina ya vijiji, mitaa na vitongoji vya Tanzania Bara: vijiji vinazidi 12,000 na vitongoji vinazidi 60,000. Tangazo linakupa orodha, halikupi mchoro wa kupakua. Ndiyo maana kazi ya kuchora bado ipo.

Nchini Kenya, mipaka ya maeneo bunge 290 na wadi 1,450 ilipangwa na tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2012. Katiba inataka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na muda huo ulipita Machi 2024.

Mtaa wetu haumo kwenye ramani yoyote. Tunauchoraje?

Kwa miguu, na kwa watu wake.

Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Peleka barua, kaa na mwenyekiti na mtendaji, waeleze ramani itawekwa wapi na nani ataiona. Chapisha picha ya setilaiti kwenye karatasi kubwa, ile ambayo paa la mtu linaonekana, uitandaze mezani. Waite wajumbe. Waite na wazee, na usiwasahau akina mama wanaouza mkaa na mboga, kwani wao hujua nyumba ipi ni ya nani kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni usiulize "mpaka uko wapi?" Swali hilo linaleta mabishano na majibu ya jumla. Uliza: mwenye nyumba hii akitaka barua ya utambulisho, anakwenda kwa mwenyekiti gani? Taka zake analipia wapi? Nimelitumia swali la barua mara nyingi na bado sijaona linalolizidi. Mtu anaweza asijue mstari unapita wapi, lakini aliyekwenda kuomba barua ya kufungulia akaunti benki anajua ni ofisi ipi ilimgongea muhuri.

Chora kwanza sehemu zisizo na ubishi: barabara, reli, mto, mfereji, ukuta wa shule. Sehemu zilizobaki mzitembelee. Mjumbe wa upande huu na mjumbe wa upande ule waende pamoja, nawe nyuma yao na simu inayorekodi njia, ukiweka alama kila mpaka unapopinda. GPS ya simu hukosea mita tano hivi mahali pa wazi, na zaidi kwenye vichochoro vyenye mabati na ghorofa, kwa hiyo ukirudi ofisini linganisha na picha. Mstari ulionyooka katikati ya nyumba ya mtu ni dalili kwamba umeiamini simu kuliko mjumbe.

Angalia mito kwa jicho la pekee. Mpaka uliowekwa mtoni miaka ya themanini huenda leo uko shambani, kwa kuwa mto umehama. Waulize kama mpaka ulihama na maji au ulibaki pale pa zamani. Majibu hutofautiana mtaa hadi mtaa, na yote yanafaa kuandikwa.

Mwisho, ramani irudi. Chapisha nakala safi, muibandike ukutani ofisini, muwape watu wiki mbili waikosoe. Makosa mengi niliyowahi kuyapata yalionwa na mtu aliyekuja ofisini kwa shida zake nyingine kabisa.

Mitaa miwili inagombea soko. Tuchore upande gani?

Msiamue nyie. Wachoraji hawana mamlaka hayo, na ushuru wa soko ni fedha za watu. Chora mistari yote miwili, eneo la katikati liwekee alama kwamba lina utata, andika tarehe na nani alisema nini kwa cheo chake. Kisha mpelekee mtendaji wa kata. Mkishaanza kuonekana mnapendelea upande, milango ya mitaa yote jirani inafungwa.

Tunaweza kushuka hadi shina la nyumba kumi?

Inawezekana, na Dar es Salaam imefanyika. Lakini elewa unachokichora. Nyumba kumi ni urithi wa enzi ya chama kimoja, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi wa shina ni kiongozi wa chama, si ngazi ya serikali. Kwa ufuatiliaji wa magonjwa eneo lake lina faida kubwa, kwani balozi anazifahamu kaya zake zote. Andika waziwazi kwenye maelezo ya data kwamba si mpaka wa utawala, na uwaulize wakazi kama wanaridhika litolewe hadharani.

Poligoni zangu, yaani maumbo ya mitaa niliyochora, zina mapengo na zinapandana.

Kila mtaa ulichorwa peke yake. Mpaka wa pamoja uchorwe mara moja tu, utumiwe na pande zote mbili. OpenStreetMap hufanya hivyo kwa relesheni, yaani orodha za mistari inayounda kila eneo, zinazochangia mstari mmoja. Katika QGIS washa kunasisha (snapping) na uhariri wa kitopolojia (topological editing) kabla ya kuanza. Ukitaka kupunguza uzito wa faili kwa ajili ya tovuti, tumia mapshaper, kwa kuwa hurahisisha mistari bila kuachanisha majirani.

Niweke leseni gani?

CC BY 4.0 inatosha kwa watu wengi: atumie yeyote, mradi akutaje. Data zilizotoka OpenStreetMap zinabaki chini ya leseni yake, ODbL, huna ruhusa ya kuzibadilishia. Kutoweka leseni kabisa ndilo kosa baya zaidi, kwani mtu makini hatathubutu kuzigusa.

Naweza kupakia faili la serikali moja kwa moja OpenStreetMap?

Siyo kabla ya mambo mawili. Kwanza idhini: hata CC BY huhitaji kibali cha maandishi cha mwenye data kwamba anakubali ziingie chini ya masharti ya OpenStreetMap. Pili, jadiliana na wachoraji wa nchi husika, kwa sababu upakiaji wa jumla unaweza kufuta kazi ya watu waliotembea. Ngazi pia zina namba: 2 ni nchi, 4 ni mkoa kwa Tanzania. Kwa ngazi za chini soma ukurasa wa wiki wa nchi yako kabla ya kuweka tagi ya admin_level, wala usinakili za jirani.

Jedwali letu lina majina na simu za wajumbe. Tuliache hivyo?

Majina na simu hizo ziondoeni kabla ya kuchapisha. Mjumbe alikupa namba yake mkutane asubuhi, hakuitoa kwa dunia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Hakikisheni pia hakuna alama ya nyumba ya mgonjwa iliyosahauliwa kwenye leya ya chini. Nimewahi kuikuta kwenye faili lililokuwa tayari kwa kupakiwa, na tangu siku hiyo hufungua kila leya mwenyewe.

Nina kesi ya kiwanja. Ramani hii itanisaidia?

Hapana. Mpaka wa mtaa hausemi kiwanja ni cha nani. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, utafute ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kwa ardhi ya kijiji, uliza cheti cha ardhi ya kijiji kinachotolewa chini ya sheria ya 1999.

Tulishachapisha, sasa mtaa wetu umegawanywa. Tufute ya zamani?

Msifute. Takwimu zote zilizokusanywa kabla ya mgawanyo zinauhitaji mpaka wa zamani. Toeni toleo jipya lenye mwaka wake, acheni la zamani pembeni yake, na kwenye maelezo andikeni mtaa mpya umetoka kwa upi na lini. Kama upo OpenStreetMap, hariri mpaka na utaje tangazo lililoubadilisha kwenye maelezo ya mabadiliko yako. Historia yake inabaki pale kwa atakayeitafuta. Kisha chapisheni karatasi mpya, mrudi nayo ofisini kwa mwenyekiti, kwa sababu ile iliyobandikwa ukutani bado inaonyesha mtaa mmoja.